Safura: Historia ya Hamu ya Udongo Kati ya Bagamoyo na Msata

Katika miaka yangu ya ukunga, Msata na vijiji vya jirani, nilikuwa na mazoea ya kumtazama mjamzito mahali patatu kabla hajakaa kwenye benchi: viganja, kope kwa ndani, na meno. Viganja na kope vilinieleza habari za damu. Meno yalinieleza jambo ambalo mwenyewe angelificha hata ningemwuliza mara kumi, maana udongo unaoliwa huacha alama kwenye fizi, ufito mwembamba wa kijivu au mwekundu, kutegemea umechimbwa wapi. Nimestaafu sasa. Ninaandika haya kwa sababu wauguzi vijana ninaozungumza nao wanadhani kula udongo ni mtindo mpya wa wasichana, umeletwa na stendi na barabara ya lami. Si kweli. Hamu hii imeitangulia barabara, imeitangulia na bendera ya Mjerumani, na watu wa Pwani walikuwa wakiitibu kwa dawa yenye akili ndani yake wakati huku hatuna zahanati hata moja.

Nianze na biashara kama ilivyo leo. Msata ni njia panda. Anayetoka Chalinze kwenda Segera, Tanga au Moshi hupita hapa, na anayekuja kutoka Bagamoyo kwa lami ile ya kilomita 64, kupitia Kiwangwa, hutokea hapa. Basi likisimama madirisha yanazungukwa: mananasi, korosho, mahindi ya kuchoma, maji, soda. Katikati ya vitu hivyo, mara nyingi chini ya beseni na si juu yake, vipo vijiti vya udongo vyenye urefu wa kidole. Wengi huviita pemba. Mwanamke huulizia kwa sauti ya chini, hulipa haraka, huficha kwenye pindo la kanga. Udongo huo huchimbwa, hutwangwa, huchekechwa, hukandwa kwa maji, kisha huviringishwa na kuanikwa. Wengine huukausha juu ya moto ushike moshi, na wanaoujua husema huo ndio wenye ladha. Asiye na pesa hanunui kitu. Yuko kichuguu nyuma ya shamba, uko ukuta wa jiko.

Wapo pia wa mchele mbichi. Hawa ni wengi kuliko wanavyohesabiwa, kwa kuwa mchele haumshangazi mtu akiuona mkononi mwa mwanamke anayepembua. Nimewahi kuwahudumia wanawake waliokuwa wakibugia mchele kikombe baada ya kikombe, taya zinauma, tumbo limejaa, na bado mkono unarudi kwenye ungo. Hapo ndipo hamu ya kawaida ya mimba inapoachana na hii ninayoisimulia. Mjamzito anayetaka embe bichi akilipata hutulia. Huyu mwingine anaongozwa na mkono wake. Anajua kinamwumiza, anaapa jioni, na alfajiri yuko ukutani.

Maandishi ya zamani kabisa ninayoyajua kuhusu hamu hii kwa watu wa Pwani yamo katika shajara ya David Livingstone. Mwaka 1870 alikwama Bambarre, nchi ya Manyema, vidonda vya miguu vimemfunga, na mtu aliyemsitiri katika safari zake za huko alikuwa mfanyabiashara wa Pwani, Muhammad bin Gharib. Livingstone alikuwa daktari na alipenda kuuliza. Akaandika juu ya ugonjwa wa kula udongo ambao Unguja waliuita safura. Anasema huwapata sana watumwa, lakini si wao peke yao, kwani matajiri wenye chakula tele nao huupata. Anasema walao husifu harufu ya udongo. Anasema unaopendwa zaidi ni ule wa kuta za nyumba, na kwamba wanawake wa Manyema huula sana wakiwa na mimba. Kisha anaeleza mwisho wa mgonjwa: miguu huvimba, mwili hukonda, uso husawijika, hawezi kutembea kwa kukosa pumzi, na bado anaendelea kula mpaka anakufa.

Niliposoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeshawaona watu hao wote. Miguu iliyovimba, pumzi fupi, uso uliochujuka: hiyo ni hali ya mtu ambaye damu yake imekwisha kiasi kwamba moyo unahangaika. Tunamwandikia rufaa siku hiyohiyo. Daktari yule wa 1870 hakuwa na kipimo cha wingi wa damu, lakini aliona sawasawa.

Kilichonishika zaidi ni tiba. Muhammad alimwambia kuwa baba yake alikuwa na ujuzi wa kutibu safura, akampa na mapishi ya dawa. Siki ya mnazi iliyokaa muda mrefu hutiwa katika bakuli kubwa. Mavi ya chuma, yale mabaki ya kiwandani kwa mhunzi, huchomwa hadi yawe mekundu na kutumbukizwa humo. Huongezwa mvuje, na pia ile chumvi ya kijani ya chuma iliyouzwa madukani kama dawa na rangi. Mgonjwa hunywa kikombe kidogo asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu, kwa siku saba. Hutapika na kuharisha, na choo chake huwa cheusi. Hali nyama. Hula mchele wa zamani au mtama na maji, baadaye kuku, na kwa miaka miwili asiguse samaki, siagi, mayai wala nyama ya ng'ombe.

Mkunga yeyote wa Tanzania akisoma hapo lazima asimame. Chuma cha moto kikizamishwa ndani ya siki, siki hukila na kukiyeyusha, na kinachobaki ni maji yenye chuma ambacho mwili unaweza kukichukua. Ile chumvi ya kijani ndiyo hasa ferasi salfeti, dawa ileile iliyomo katika vidonge vya kuongeza damu tunavyowagawia wajawazito kliniki, vile vya FEFO, ambavyo kila kimoja kina miligramu 200 za chumvi hiyo. Na choo cheusi! Kila mjamzito niliyempa vidonge nilimwonya kwamba choo chake kitageuka cheusi, asiogope, ni chuma kinachopita. Wazee wa Pwani walipouona weusi huo huenda waliamini ndio ugonjwa unaotoka. Kama ni hivyo, maelezo yao yalikosea, mikono yao haikukosea. Ulaya nako, Pierre Blaud, daktari wa Kifaransa, alikuwa amejipatia jina katika miaka ya 1830 kwa vidonge vya chumvi hiyohiyo ya chuma alivyowapa wasichana waliopauka kwa kukosa damu. Sidhani fundi wa Pwani alihitaji kumsikia Mfaransa. Alikuwa na mhunzi jirani, mnazi uani na wagonjwa mbele yake.

Sehemu ya masharti siitetei. Kumnyima samaki, mayai na nyama kwa miaka miwili mtu asiye na damu ni kumrudisha shimoni. Miiko ya namna hiyo nimepambana nayo hadi mwaka wa mwisho wa kazi, maana wapo bado wanaowakataza wajawazito mayai. Lakini tuwape wazee haki yao. Waliutazama ulaji wa udongo kama maradhi yenye dawa, wakatafuta dawa.

Karatasi za Livingstone nazo zilipita kwetu. Livingstone alifariki Mei 1873, na watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, wakaubeba mwili wake pamoja na karatasi zake hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, wakaulaza usiku mmoja kwa mapadri wa Roho Mtakatifu waliokuwapo pale tangu 1868. Mwaka huohuo shajara zikachapishwa London. Wageni wanaotembezwa kwenye mnara wa misheni hiyo huonyeshwa mahali mwili ulipolala. Mimi nikifika pale huwakumbuka wapagazi, na karatasi walizozibeba, na ile dawa ya baba yake Muhammad, dawa ambayo kwa kadiri ninavyoona hakuna aliyeirudisha kwa wagonjwa wenyewe.

Mapadri hao walianzisha Bagamoyo kijiji cha watumwa waliokombolewa. Njia za misafara zilizoishia pwani hapo zilipita katika nchi yetu ya Ukwere, na watu waliofungwa minyororo waliletwa kwa njia hizo kabla ya kuvushwa Unguja na Pemba kulima karafuu. Ni lazima niseme juu yao, kwa sababu bila wao historia ya safura haieleweki. Mabwana wengi waliamini kwamba mtumwa anayekula udongo anataka kujiua. Livingstone alilikanusha hilo waziwazi. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi na Brazil, mabwana waliamini jambo hilohilo, wakawavika watu barakoa za bati zilizofungwa kwa kufuli nyuma ya kichwa ili wasiweze kutia udongo kinywani. Mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Debret, aliyeishi Brazil kuanzia 1816 hadi 1831, alimchora mtu aliyevikwa barakoa hiyo akitembea barabarani. Nimeutazama mchoro huo mara nyingi. Mtu ana njaa ya damu, na anayemmiliki anamfunga mdomo.

Kwamba ilikuwa njaa ya damu kulijulikana polepole. Mwaka 1838, mjini Milan, Angelo Dubini alimpasua maiti akakuta utumboni mdudu mwembamba kama uzi. Ilichukua miongo kadhaa madaktari wakubali kwamba mdudu huyo huuma ukuta wa utumbo na kunyonya damu, na mwishoni mwa karne hiyo Arthur Looss, akiwa Cairo, akagundua kwamba viluwiluwi vyake huingia mwilini kwa kutoboa ngozi. Ndiye tunayemwita minyoo ya safura. Anapenda udongo wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa kwa kinyesi, na miguu isiyo na viatu. Ukitaka kumjengea makazi huwezi kupata pazuri kuliko shamba la karafuu au la minazi lenye watu wengi, vyoo hakuna, viatu hakuna. Kwa hiyo mtumwa alipelekwa shambani, shamba likampa minyoo, minyoo ikamnyonya damu, na mwili usio na damu ukaanza kutamani udongo. Kisha akaadhibiwa kwa tamaa hiyo.

Je, ni udongo unaoleta upungufu wa damu, au upungufu wa damu unaoleta hamu ya udongo? Wazee walishika la kwanza, wapo wataalamu wa leo wanaoelekea la pili, na mimi nimeyaona yote mawili kwa mtu mmoja. Damu ikipungua hamu huja. Udongo wa mfinyanzi ukifika tumboni hukamata madini ya chuma yaliyomo katika chakula na kuyazuia yasiingie mwilini. Damu inazidi kupungua, hamu inazidi kupanda. Mwanamke aliye ndani ya mzunguko huo hawezi kutoka kwa kuambiwa aache.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kungwi, Mkwere wa Lugoba, hakusoma. Hamu ya ukuta iliponishika katika mimba yangu ya kwanza, ni yeye aliyegundua, na hakunigombeza. Sijui niielezeje hamu ile kwa asiyeijua. Mvua ya kwanza ikidondoka juu ya vumbi, harufu ile ikipanda, mate yalinijaa mdomoni hadi nikashindwa kuongea. Nilikuwa muuguzi, nimefundishwa yote niliyoyaandika hapo juu kuhusu minyoo, na elimu yangu haikunisaidia kitu mbele ya ukuta wa jiko la mama mkwe. Bibi alikuja kukaa nami. Alifanya mambo mawili tu. La kwanza, alihakikisha siko peke yangu katika saa zile za alfajiri na za mvua. Alinipa kazi ya kufanya na mikono, kusuka ukili, kukuna nazi, huku anazungumza. La pili, alinilisha maini, dagaa na kisamvu kila siku, na limau juu yake. Vidonge vya kliniki nilivimeza pia. Hamu ikalegea taratibu, ikaniacha kabla sijajifungua.

Nilimwuliza baadaye alijuaje. Akasema kwa Wakwere mwanamke aliyeshikwa na udongo haachwi peke yake, kwa kuwa aibu humpeleka gizani na gizani ndiko kuliko na kichuguu. Sijapata kusikia mafunzo ya afya yaliyosema vizuri kuliko hapo.

Kabla ya hapo, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, ilipita kampeni moja ambayo kwa maoni yangu iliwaokoa watu wengi kuliko hospitali yoyote. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya walichokubaliana. Karibu watu milioni 2 walishiriki nchi nzima. Safura ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa, pamoja na malaria, kichocho na kuhara damu. Mama yangu alihudhuria. Nakumbuka wanaume wa kijijini wakichimba vyoo kwa zamu, nyumba hii leo, ile kesho, na watoto tukikatazwa kukanyaga bondeni pekupeku. Kulikuwa na redio moja, na watu walikaa kuizunguka wakaambizana ukweli. Kuhusu udongo wenyewe sikumbuki kusikia neno, lakini mdudu anayeichochea hamu yake alipigwa pale.

Kampeni ikapita, vyoo vingi vikabomoka, wadudu hawakuisha. Watafiti walipowapima wanafunzi zaidi ya 3,500 wa shule za Pemba katika miaka ya 1990, karibu wote walikuwa na minyoo ya safura na zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu. Matokeo ya namna hiyo ni sehemu ya msingi wa dawa za minyoo wanazopewa watoto wetu shuleni. Na ni Pemba hukohuko ambako mtafiti wa Kimarekani, Sera Young, aliwahoji wajawazito zaidi ya 2,300 juu ya vitu wanavyokula visivyo chakula. Majibu yalitoka mwaka 2010: zaidi ya theluthi walikuwa wakila mchele mbichi au wanga mwingine mbichi, na kama 1 kati ya 20 alikiri kula udongo. Waliokula vitu hivyo walikutwa zaidi na upungufu wa damu. Dar es Salaam, miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta karibu 3 kati ya 10 wanakula udongo. Geita, katika vijiji vya wachimbaji wadogo wa dhahabu, matokeo ya 2014 yalionyesha karibu nusu ya wajawazito wanaula, na vijiti vya sokoni vilipopimwa vikakutwa na arseniki, kromi na nikeli. Wachimbaji wa vijiti hawana maabara. Hakuna anayejua anachouza.

Ninazitaja takwimu hizi kwa wale wanaodhani wako peke yao. Mwanamke mmoja wa huku Msata alikuja kwangu akiwa na mimba kubwa, kipimo cha damu chini ya 7. Mumewe alikuwa akimkagua meno kila jioni. Mawifi zake walimwita mlafi mbele ya watoto. Alijifunza kula usiku na kusukutua kwa majivu. Nilipomwambia kwamba kuna mahali nusu ya wajawazito wako kama yeye, alilia mpaka nikafunga mlango wa chumba cha kupimia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni ugonjwa. Tulimpeleka hospitali, akaongezewa damu, akajifungua salama.

Baada yake ndipo nilipoanza kuwakusanya. Siku za kliniki, wenye hamu walibaki nyuma kidogo, tukakaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Sikuwa mwalimu pale. Niliwapima damu, niliwapa vidonge na dawa ya minyoo miezi mitatu ya kwanza ilipopita, niliwaambia wameze vidonge kwa maji ya limau au chungwa na wasivimeze pamoja na chai, maana chai hukizuia chuma kama udongo unavyokizuia. Baada ya hapo wao ndio waliofundishana, na walichogundua hakimo katika kitabu chochote nilichosomea.

Mmoja alibadilisha njia ya kwenda kisimani ili asipite penye kichuguu chake. Mwingine alimshawishi mumewe apige ukuta wa jiko lipu ya saruji, na kile kiasi kidogo cha saruji kilimfaa kuliko ushauri wangu wote. Mama wa mchele alitia mchele wake kwenye ndoo yenye kufuli, ufunguo akaukabidhi kwa jirani ambaye walikuwa wanapika pamoja. Wapo waliotafuna karanga mbichi, wapo waliokaanga bisi, maana wote walisema kinywa kinataka kitu kinachosagika. Lakini lililofanya kazi kuliko yote ni hili: mwenye vijiti alivikabidhi kwa mwenzake. Kila siku akapewa kimoja, wiki inayofuata nusu, kisha kipande, kisha harufu tu. Mwenzake hakuruhusiwa kumcheka wala kumripoti. Akianguka akala usiku, alisema kesho yake na hesabu ikaendelea palepale ilipokuwa. Sheria hizo walizitunga wenyewe.

Kwa wengi hamu iliondoka ndani ya wiki chache za vidonge, na waliporudi na mtoto mgongoni walishangaa iliwezekanaje wakala ukuta. Si kwa wote. Huko Lusaka, watoto wa shule waliopewa madini ya chuma hawakuacha udongo kwa sababu ya dawa hiyo, na mimi pia nimewaona wanawake ambao damu ilipanda vizuri lakini mkono uliendelea kwenda. Walikuwa wamekula kwa miaka, wameanza wasichana, na udongo umekuwa mahali pao pa kupumzikia: wakigombana na mume, wakifiwa, wakidaiwa. Hao ndio waliohitaji mkeka zaidi ya kidonge. Nimewaona pia wenye tatizo hilohilo kwa chakula halali, wanaokula chapati na vitumbua kwa kujificha hadi watapike, na sioni kwa nini tiba yao iwe tofauti: mpime mwili, tafuta kinachomsukuma, usimwache peke yake, na usimtukane.

Kilichonisumbua katika kazi ni kwamba kadi ya kliniki ina nafasi ya shinikizo la damu, uzito, pepopunda, malaria, na haina mstari wa kumuuliza mama kama anakula udongo au mchele mbichi. Tunamwuliza tukikumbuka, na mara nyingi tunakumbuka tukiwa tumekasirika. Fundi yule wa Pwani, kabla ya 1870, aliujua ugonjwa huu kwa jina na akawa na dawa yake.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mlio kazini, Msata, Lugoba, Mbwewe na kwingineko. Muulizeni kila mjamzito, kwa sauti ileile mnayomwuliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Akisema ndiyo, msishtuke. Mpimeni damu, mpeni vidonge na dawa ya minyoo, mtafutieni mwenzake wa kukaa naye. Na wewe mama unayesoma haya ukiwa na kijiti kwenye pindo la kanga, nenda kliniki ukawaambie kwa mdomo wako. Huduma ya mjamzito katika vituo vya serikali hailipiwi.